Dole Gumba la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mwenzenu nina aibu moja imenifuata miaka yote hii, na hata leo mkienda Butiama mkaulizia Idi wa stempu, wazee watacheka kwanza ndipo wawajibu, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa kutia chumvi.

Nilikuwaga na duka Musoma mjini, la kurithi kwa marehemu baba, na ilipofika ile miaka ya shida (sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana) rafu zikabaki tupu, nikawa nafungua asubuhi kwa mazoea tu, nauza karanga nilizofungia kwenye risiti za zamani za baba. Siku moja akaingia padri mmoja mgeni kutafuta kiberiti, kiberiti hamna, akanunua karanga, akaikunjua ile karatasi akaitazama mpaka karanga zikamwagika. Ilikuwa na stempu ya ushuru, zile zilizokuwa zinabandikwa kwenye hati na risiti halafu mtu anatia saini au dole gumba juu yake. Akaniomba nimpe zote nilizonazo, na kesho yake akaniletea mche mzima wa sabuni.

Mche mzima, jamani, kwa takataka. Mke wangu, Mama Zaituni, alifurahia sabuni, lakini mimi nilibaki na swali, kile kikaratasi kina nini hasa? Nikaanza kuziangalia kwa lenzi, nikagundua kumbe hazifanani, hii zambarau iliyokolea, ile imepauka, hii ina meno kumi na manne pembeni, ile kumi na mawili, na kila moja imepita mkononi mwa mtu aliyeuza ng'ombe au kununua baiskeli au kukopa mbegu. Nikawa sishikiki. Nilizunguka Bunda kwa wanunuzi wa zamani wa pamba nikiwaomba makaratasi yao, nikawa naandikiana barua na wakusanyaji wa nje, nauza zile nilizonazo nyingi, na zile za mojamoja nazibandika kwenye kauntabuku kubwa niliyoiita katalogi, kila stempu na maelezo yake: rangi, meno, imetoka wapi. Mama Zaituni alikuwa anasema, "Wenzako wanatafuta unga, wewe unahesabu meno ya karatasi."

Sasa, enzi ya ruksa ya biashara ilipoanza, maduka yakajaa tena na ardhi nayo ikapanda thamani, watu wakaanza kukumbuka mashamba ya babu zao hata yale yaliyokwisha kuuzwa. Ndipo akaja dukani kwangu Mzee Wambura, mkulima wa Butiama, mtu mpole, Mkatoliki wa kuvua kofia hata akiingia dukani. Baba yake alinunua shamba kwa jirani aliyeitwa Magesa, zamani za mkoloni, na humo ndimo Mzee Wambura anamolima mihogo na ndimo walimolala wazazi wake wote wawili. Magesa amekufa, na mwanawe, Marwa, ameenda mahakama ya mwanzo kusema baba yake hakuuza kitu, ile hati imetengenezwa juzi.

"Mwalimu," Mzee Wambura akaniambia (mimi si mwalimu, ila aliona lenzi), "nasikia wewe unajuaga umri wa stempu. Njoo uniambie mbele ya hakimu kwamba hii ni ya zamani. Nikishindwa, watalima juu ya mama yangu."

Akaniachia hati kwa siku tatu niichunguze.

Nikaiweka chini ya lenzi, na hapo ndipo nilipokwenda kufunga mlango wa duka, kwa sababu ile stempu upande wa chini haikuwa na meno hata moja, mashine ilikosea kuikata, na mimi katika miaka yangu yote nilikuwa nimeisikia kwa barua tu, sijawahi kuitia machoni. Kwenye katalogi nilikuwa nimeiachia nafasi yake, ukurasa wa arobaini na moja, kisanduku kitupu nilichokuwa nakitazama kama bwana harusi anayesubiri. Siku ya kwanza nikaitazama tu. Siku ya pili nikajiambia, hivi hakimu anataka nini, si anataka stempu ya zamani? Ninazo za zamani kama hiyo hiyo, bei ile ile, zambarau ile ile, zina mpaka dole gumba juu yake. Nani atahesabu meno Butiama?

Nikateleka birika. (Stempu iliyobanduliwa kwa mvuke haiharibiki, ukiwa na subira.) Ikatoka nzima, nikaibandika ukurasa wa arobaini na moja kwa uji wa sembe maana gundi ilikuwa imekwisha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu nikaandika chini yake kwa wino: "Haina meno chini. Imetoka kwenye hati ya shamba, Butiama." Halafu nikachukua nyingine, iliyotoka kwenye risiti ya pamba ya Bunda, nikaipaka uji ule ule, nikaibandika kwenye hati nikiisogeza kidogo kidogo mpaka nusu dole la Magesa lililobaki kwenye karatasi likakutana na nusu dole la kwenye stempu. Kwa mbali ungesema ni dole moja. Nilijisifu hata, Mungu anisamehe.

Siku ya kesi nikavaa suti ya harusi yangu, iliyokuwa imenibana tumboni, nikapanda lori la chumvi hadi Butiama, na katalogi kwapani, maana nilitaka watu waone kazi yangu. Mahakama ilijaa. Hakimu katikati, wazee wa baraza wawili ubavuni mwake, Mzee Wambura amekaa na kofia mapajani. Nikaapa kwa msahafu, nikaanza kumwaga elimu, rangi, wino, meno, na mwisho nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa kwamba stempu hii imebandikwa hapa tangu enzi za mkoloni na haijawahi kuguswa.

Kwa nini niliongeza hayo ya kuguswa, sijui mpaka leo. Hakuna aliyeniuliza.

Marwa akasimama, akaomba aione hati. Akaitazama, akacheka. "Mheshimiwa," akasema, "baba yangu alipigwa shoka kwenye dole akiwa kijana. Kovu lilianzia kwenye ncha likashuka mpaka kwenye kifundo, kijiji kizima kinajua."

Mzee mmoja wa baraza akatikisa kichwa kukubali, eti yeye mwenyewe alimfunga kidonda. Hakimu akanyoosha mkono, akaniomba lenzi yangu. Lenzi yangu mwenyewe! Akainama juu ya hati muda mrefu, halafu akasema polepole, "Huku kwenye karatasi kovu ninaliona. Likifika kwenye stempu linakwisha. Mzee Wambura, hii stempu imebandikwa na nani?"

Mzee Wambura akageuka akanitazama. Hakunishuku hata kidogo, ndugu zangu, na hilo ndilo lililoniumiza, alinitazama kama mtu anayesubiri daktari aseme. Watu wakaanza kunong'ona neno kughushi, binti yake aliyekuwa nyuma akaanza kulia. Nilifikiri kukimbia. Nilifikiri kusema wino umefifia. Hakimu naye, kwa kutaka kulinganisha, akavuta katalogi yangu akaanza kuifungua ukurasa mmoja mmoja kuanzia mwanzo.

Alipofika kama wa kumi na tano nikashindwa.

"Ukurasa wa arobaini na moja, mheshimiwa," nikasema.

"Kuna nini?"

"Kuna dole la Mzee Magesa. Nimeliiba mimi."

Akafungua. Akasoma maandishi yangu kwa sauti, neno kwa neno, mahakama nzima ikisikia, na aliposoma "haina meno chini" mtu mmoja dirishani akasema, "Basi na yeye tumtoe ya kwake," watu wakaangua kicheko na karani akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Ikabidi niombe birika. Nikaletewa jiko la mkaa na birika la mama muuza chai, na pale pale, mbele ya kijiji kizima, na suti yangu, nikasimama natoa stempu ya Bunda kwa mvuke na kuirudisha ya Magesa mahali pake. Kovu likashuka kutoka kwenye stempu likaingia kwenye karatasi, mstari mmoja. Marwa akaliangalia, akakaa chini, maana yeye ndiye aliyetueleza jinsi dole la baba yake lilivyokuwa.

Shamba likabaki kwa Mzee Wambura. Mimi hakimu alinikemea mpaka nikatamani ardhi inimeze, akasema kama nisingetaja ukurasa mwenyewe ningelala ndani. Lakini hayo yote nimeyasahau nusu. Nisichosahau ni pale nje, nilipomfuata Mzee Wambura kumwomba radhi, akavaa kofia yake, akasema taratibu, "Ungeniomba tu. Kesi ikiisha ningekupa, mimi ina kazi gani kwangu?"

Kisha akaniuliza kama nimekula, akanipa mihogo ya njiani, ya shamba lile lile, na nikaila kwenye lori nikilia bila kujificha.

Tangu siku hiyo sijabandua stempu bila kumwomba mwenye karatasi, hata iwe risiti ya ndala. Na wakusanyaji wakija wakifungua katalogi yangu huuliza kwa nini ukurasa wa arobaini na moja una kisanduku kitupu chenye alama ya uji wa sembe. Nawaambia ile iliyokuwa hapo naijua, nimeishika kwa mkono wangu, iko Butiama kwenye karatasi yake.