Mikono ya Perina

Perina Šarić wa mtaa wetu, hapa Trogir, pwani ya Kroatia, alikuwa hajawahi kumpiga mtu. Hata wanawe hakuwachapa. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha samaki wa makopo, akikata vichwa na kutoa matumbo, na mikono ikamkomaa kama ya mvuta makasia. Mumewe Bepo, fundi wa vigae, alikuwa mpole mpaka paka wangu akanihama akaenda kuishi kwao.

Walipostaafu wote wawili, Bepo akaanza kusema, "Tumezaliwa kando ya bahari hii, na ng'ambo yake hatuijui." Basi Oktoba, watalii walipokwisha kuondoka na zeituni bado hazijavunwa, wakafunga safari. Wangeshuka na pwani kwa gari lao dogo mpaka Dubrovnik, huko wapande meli inayozunguka bandari na kubeba magari, wafike Italia, warudi kupitia Split.

Ukipita Makarska barabara inabana: mwamba huku, genge la bahari huku. Bepo aliendesha polepole. Nyuma yao likaja gari jeupe la mizigo, honi haikatiki.

"Mpishe, Bepo."

"Nimpishe wapi, mke wangu? Nimtie baharini?"

Gari lile likawapita kwenye kona, likafunga breki mbele yao, likasimama kiubavu. Dereva akashuka, kijana wa miraba minne. Jina lake Kruno walilijua baadaye. Akamshika Bepo ukosi kupitia dirishani.

"Toka, babu! Nani alikupa leseni, makaburini?"

"Samahani, kijana wangu, nilikuwa natafuta pa kusimama..."

Ngumi ya kwanza ilimvunja Bepo jino. Ya pili ilimkuta ameshavutwa nje, magoti yake mabovu yakakunjika, akaanguka kwenye lami. Kruno akaanza kumpiga mateke.

Perina alishuka. Alikwenda nyuma, akafungua buti, akatoa spana ya kufungulia matairi. Pigo la kwanza lilitua begani, na mfupa ukalia. Kruno akageuka, mdomo wazi. La pili likamwangusha.

"Perina, basi! Ameshaanguka!"

Alimpiga tena.

Waliondoka wakipenya kati ya gari lake na mwamba, wakamwacha anagaagaa. Mbele kidogo Perina, aliyeshika usukani sasa, akaanza kutetemeka. Bepo, leso imejaa damu mdomoni, akampapasa goti. "Usiogope, yamekwisha."

Lakini haikuwa hofu, na Perina alijua. Akasimamisha gari, akatoa mkate na nyama kavu ya paja la nguruwe, akala kama mtu aliyetoka kulima. Bepo alimtazama akila.

Polisi hawakwenda. Kesho yake, Dubrovnik, wakaingiza gari melini. Barabara ile inaishia kwenye bandari ileile, na mzigo wa Kruno nao ulikuwa wa Italia. Walipanda bila kumwona.

Mchana jugo ikavuma, ule upepo wa kusini ambao siku zake watu kwetu hugombania hata kijiko. Meli ikawa inalala ubavu huu na ubavu huu, sahani zinavunjika jikoni. Bepo akakumbuka dawa zake za presha zimebaki garini. "Nachukua narudi," akasema, ingawa kushuka kwenye sitaha ya magari kulikatazwa. Perina alingoja. Alipoona kimya kimezidi, akashuka.

Alimkuta mumewe amebanwa kwenye ukuta wa chuma. Kruno, mkono mmoja umefungwa bandeji shingoni, alikuwa akimsindilia ngumi za mbavu kwa mkono uliobaki.

"Mwache!"

Kruno akacheka. "Aa, bibi mwenyewe! Leo hukubeba chuma?"

Perina alimrukia. Alimng'ata sikio mpaka meno yakakutana, akamchimba macho kwa vidole vilevile vya kutoa matumbo ya samaki. Kruno akamrusha chini. Hapo meli ikalala vibaya, mnyororo uliofunga gari jeupe la Kruno ukakatika, gari likateleza lote, likambana Kruno mguu ukutani.

Mlio alioutoa haukuwa wa mtu mzima. "Mama! Niokoe, mama!"

Kitufe cha kengele ya hatari kilikuwa karibu na bega la Perina.

"Bonyeza!" Bepo akasema kutoka sakafuni. "Perina, bonyeza!"

Perina alisimama. Meli ikalala tena, gari likarudi nyuma kidogo, kisha likamponda mara ya pili. Bado alisimama, anatazama. Bepo, mbavu zimevunjika, akatambaa juu ya mafuta yaliyomwagika, akajivuta kwa sketi ya mkewe, akabonyeza mwenyewe.

Mguu wa Kruno ulikatwa Bari, huko Italia. Kesi ilisikilizwa Split. Perina alikiri ya barabarani yote, akapewa kifungo cha nje, na Kruno naye akapewa chake. Habari ya kitufe hakuna aliyeiuliza, na Bepo hakuitaja. Perina ndiye aliyenieleza, tukipara samaki uani kwangu. Nilimuuliza kama anajuta.

"Mguu, ndiyo," akasema. "Lakini pale nilipokuwa nimesimama, Mande, nilikuwa nimeshiba."

Nikaendelea kupara magamba.

Bado wanaishi pamoja. Bepo humletea maua ya sokoni Jumamosi, kama zamani, na humwita "mke wangu." Ila mezani Perina akiinuka ghafla, mkono wa Bepo hupanda wenyewe kukinga uso. Nimeona kwa macho yangu. Perina naye huona. Huketi tena, hungoja mkono ushuke, ndipo huinuka taratibu kwenda kuchukua chumvi.