Jedidah Aupima Mshahara wa Uchina

Jedidah hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula cha mchana, katika chumba cha wafanyakazi cha nyumba ya kutunzia wazee huko Maple Grove, Minnesota, alikula akiwa ameegemea dirisha, sahani mkononi, macho yakiwa kwenye magari ya nje. Wenzake walidhani ni mazoea ya shifti ndefu. Hawakujua kwamba kwa miaka kumi na saba alikuwa amefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya wasichana karibu na Nkubu, Meru, na kwamba siku zote hizo alifundisha akiwa amesimama, akizunguka kati ya madawati, chaki ikimchafua mikono hadi viwiko.

Alihamia Minnesota mwaka 2006 kumfuata mumewe, Solomon, ambaye alikuwa ametangulia. Alipouliza habari za kufundisha, aliambiwa arudi chuoni kwanza, asomee leseni upya. Mtoto wao, Brandon, alikuwa bado mdogo na nyumba ilikuwa na deni la benki. Basi Jedidah akachukua kazi ya kuwaogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza vitandani. Hakuidharau. Wazee walimpenda, naye aliwapenda baadhi yao. Lakini jioni akifika nyumbani alikuwa hatulii. Alipanga kabati lililokuwa limeshapangwa. Alifungua friji, akaifunga. Solomon, mtu mpole aliyeendesha gari la kusambaza damu na vipimo vya maabara kati ya hospitali za Minneapolis, alimtazama tu, akaongeza sauti ya televisheni.

Mambo yalibadilika vuli ya 2013. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, jina lake Goretti, aliyekuwa akifua mashuka pale pale kazini, alimfuata dirishani.

"Mama Jedidah," akasema, "nataka kufanya ule mtihani wa kuhudumia wagonjwa. Maneno nayajua. Ila mtu akiniuliza kwa ghafla, yananikimbia."

"Yanakukimbia kwa sababu unayasoma kwa macho tu," Jedidah akamwambia. "Weka kitabu chini. Mimi ni mgonjwa, nimeanguka chooni. Niulize maswali."

Goretti akaanza kuuliza kwa Kiingereza cha kujikwaa, na Jedidah akamjibu kama bibi mkali wa chumba cha kona, hata wote wawili wakacheka. Kesho yake wakaendelea. Mwezi uliofuata Goretti alimleta wifi yake, kisha wanawake wengine wa kanisa lao, na kila Jumamosi Jedidah akawa anaendesha gari hadi Richfield, theluji ikipeperuka huku na huku barabarani, kwenda kufundisha katika chumba cha nyuma cha kanisa. Humo alizunguka kati ya viti kama zamani. Siku Goretti alipofaulu, wanawake walimshangilia na kuimba. Jedidah aliimba nao, kisha akatoka akaketi garini kwa muda mrefu bila kuwasha injini. Alikuwa amegundua kwamba hamu ile haikuwa imekufa, na sasa hakujua aipeleke wapi.

Wiki hiyo hiyo alianza kutafuta kazi ya ualimu kwenye kompyuta, na kila alipotafuta, Uchina ilimjibu. Shule zilikuwa nyingi kuliko alivyoweza kuzisoma. Zilitaka shahada, uzoefu, na pasipoti ya nchi inayozungumza Kiingereza. Shahada alikuwa nayo, uzoefu alikuwa nao, na uraia wa Marekani alikuwa ameuapia mwaka uliopita.

Alimweleza Solomon siku ya Jumapili baada ya ibada, wakila.

"Wanalipa ngapi?" Solomon akauliza.

Alipomtajia, Solomon aligeuza zile yuan kuwa dola kwenye simu yake na kuisukuma simu upande wa pili wa meza.

"Mama Brandon, wewe hapa ukichukua shifti za wikendi unapata zaidi ya hiyo. Bima ya magari mawili peke yake itaimeza."

"Kule sitakuwa na gari."

"Nyumba hii je? Karo ya Brandon?"

Jedidah akainuka. Aliondoa sahani, ingawa Solomon alikuwa hajamaliza.

Aliona kwamba hawezi kuupima mshahara wa kule kwa bei za hapa, akatafuta mtu wa kumpa bei za kule. Dada mmoja kanisani alimuunganisha na Serah, binti wa Embu aliyekuwa akisomea uhandisi huko Wuhan. Walizungumza Jumamosi asubuhi, Jedidah akiwa kwenye maegesho ya duka la vyakula, akitembea kulizunguka gari lake huku amevaa glavu.

"Anti, kila mtu huniuliza kama mshahara unatosha," Serah alisema. "Mimi huwauliza, nani analipa nyumba? Shule ikikupa nyumba, utakula vizuri, utapanda basi na treni, na utabakiza. Usipopewa nyumba kwenye mji mkubwa, nusu yote inaenda kwa kodi. Na ukiwa na watu wanaokungoja nyumbani, hesabu yako ni nyingine kabisa."

"Wewe watu wako wanakungoja?"

"Wananingoja, Anti. Ndiyo maana nafundisha watoto Kiingereza jioni, na siko radhi watu wajue, maana viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi."

Maneno hayo yalimkaa Jedidah moyoni. Hata hivyo aliomba kazi katika shule moja ya lugha kwenye jiji la pwani. Wakala wao, kijana mwenye maneno matamu, alisoma vyeti vyake na kuahidi yuan elfu kumi na nne kwa mwezi. Kwa fedha hizo hata Solomon alipunguza ubishi. Kisha wakala akaomba picha. Jedidah alituma ile aliyopiga siku ya kiapo, amevaa koti la buluu na kutabasamu.

Kimya kilifuata kwa siku kadhaa. Alikagua simu akimlisha mzee uji. Aliikagua akiwa kwenye taa nyekundu. Wakala alipopiga hatimaye, mshahara ulikuwa umeshuka hadi elfu nane, bila nyumba.

"Kuna kasoro kwenye vyeti vyangu?" Jedidah akamuuliza.

"Hapana, mama, vyeti ni vizuri sana."

"Basi ni nini kilichobadilika?"

Wakala alisema wazazi wa pale wana mapendeleo yao kuhusu sura ya mwalimu, kwamba si yeye anayeamua, ni soko. Jedidah alimshukuru, akakata simu.

Alidhani Solomon angefurahi, maana safari ilikuwa imejifia yenyewe. Solomon alisikiliza hadi mwisho, akazima televisheni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Usiende kwa hao," akasema. "Hata wakirudisha zile elfu kumi na nne, usiende." Akainuka, akavaa buti, akatoka kukwangua barafu kwenye njia ya gari, ingawa alikuwa ameshaikwangua asubuhi.

Jedidah bado alimuuliza Serah kama mtu anaweza kuishi kwa hizo elfu nane. Alitaka kujua hata hivyo.

"Utaishi," Serah akamjibu. "Ila kila mwisho wa mwezi utakumbuka ni kwa nini unalipwa hivyo."

Aliikataa kazi ile. Aprili ikapita, theluji ikiyeyuka na kuanguka tena, naye hakukaa mahali. Alibadilishana shifti na yeyote aliyetaka, alilala saa zisizo za kulala, aligombana na Brandon kwa ajili ya viatu mlangoni. Jumamosi tu, Richfield, ndipo alipokuwa mtu mwenye utulivu. Katikati ya hayo yote aliendelea kuomba kazi, lakini sasa alituma picha kwanza, kabla ya vyeti. Wengi hawakujibu. Hao hawakumsumbua tena.

Mwezi wa Juni chuo kimoja katika mji mdogo wa mkoa wa Hubei kilijibu. Kilikuwa kimeiona picha na kuvisoma vyeti, na kilitoa yuan elfu tano na mia nane, nyumba ndani ya chuo, na nauli ya kwenda na kurudi. Ulikuwa mshahara mdogo kuliko yote aliyowahi kutajiwa. Alimpigia Serah, akamuuliza bei ya wali na mboga kwenye kantini, bei ya gesi, bei ya koti la baridi. Alipokata simu alikuwa ameshaamua kwamba kwa mtu mmoja unatosha.

Solomon naye alikubali kwamba kwa mtu mmoja unatosha. Lakini alikuwa na neno lake, akalisema taratibu, bila hasira.

"Unatosha kwa sababu mimi nitabaki hapa nikilipa nyumba. Tuseme ukweli, Mama Brandon. Mshahara huo peke yake hausimami."

"Hausimami," Jedidah akakubali. Kisha akasema, "Baba Brandon, ulipokuja hapa ulikaa miaka mitatu bila kutuma kitu, ukisoma na kuosha vyombo hotelini. Nilikulaumu?"

"Hapana."

"Tuliishi na nini?"

Solomon alitazama mikono yake. Walikuwa wameishi kwa mshahara wa mwalimu wa Nkubu, yeye Jedidah, mtoto, na mama mzazi wa Solomon hadi alipofariki.

"Mwaka mmoja," Solomon akasema mwishowe. "Tutapangisha chumba cha chini."

Goretti ndiye aliyepata mpangaji, kijana wa kanisani kwao, na Goretti ndiye aliyeachiwa darasa la Jumamosi. Alikataa mara mbili, akisema Kiingereza chake bado kinachechemea. Jedidah akamwambia hilo ndilo litakalowafanya wenzake wasiogope kuuliza. Agosti akaondoka.

Mshahara ulitosha kama Serah alivyosema. Alikula kantini, akajifunza kukataa pilipili kwa Kichina, akanunua baiskeli kuukuu. Darasani alikuwa na vijana hamsini waliomwogopa kwa wiki moja, kisha wakawa hawamwachi apite koridoni bila swali. Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni baridi ya ndani. Nyumba za upande ule hazikuwa na mitambo ya joto, na yeye aliyezoea baridi ya Minnesota inayobaki nje ya mlango, alishinda Januari nzima akisahihisha insha ndani ya blanketi, amevaa kofia.

Solomon alikuja Machi kumtembelea, akiwa bado na shaka. Alikaa ndani na koti lake siku tatu za kwanza. Ya nne alikaa nyuma ya darasa, akamtazama mkewe akizunguka kati ya madawati. Wanafunzi walimuuliza kazi yake, naye akawaeleza jinsi damu inavyosafirishwa kwenye barafu, nao wakaandika. Jioni walikula tambi kwenye kibanda kando ya lango la chuo. Jedidah aliketi hadi bakuli likaisha. Solomon aliliona hilo, lakini hakulitaja.

"Wanataka usaini mwaka mwingine?" akauliza.

"Wanataka. Wataongeza mia tatu."

"Mia tatu za kwao au za kwetu?"

"Za kwao."

Solomon alicheka kimoyomoyo, akamimina chai. "Brandon atalalamika," akasema. "Lakini saini."

Alisaini Aprili. Kufika Juni alikuwa ameshaanza kumuuliza Serah habari za vyuo vya kaskazini, kule ambako, alisikia, nyumba zinapashwa joto.