Komba wa Sebuleni

Sikuwataka. Niseme mapema, mtu asije akanidhania ni wale wa kulala na paka kitandani. Mume wangu aliingia nao mlangoni kwetu, Columbia Heights, Minnesota, jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tundu la waya mkononi, theluji mabegani, na uso wa mtu anayejua kwamba hajaomba ruhusa.

"Panya?" nikamwuliza. "Umeniletea panya?"

"Si panya. Ni shuga glaida."

Kana kwamba hilo ni jibu. Aliwapata kwa mfanyakazi mwenzake wa kiwandani, Mmarekani wa Apple Valley aliyekuwa anahamia mahali penye jua. Wakati ule watu kule walikuwa wameshikwa na wazimu wa hawa wanyama wa Australia: unachukua dume na jike, wanazaa, unauza watoto. Yule bwana alichoka hata kabla watoto hawajapatikana, akawa anatafuta mtu wa kuwarithi. Aliyenyoosha mkono ni mume wangu, ambaye kwao Moshi hakuwahi kufuga hata kuku.

Mama yangu alitoka jikoni na mwiko wake, akainama, akachungulia kwenye waya.

"Hawa ni komba," akatoa hukumu. "Wamedumaa kwa baridi, lakini ni komba."

Basi wakawa komba. Na kweli walifanana nao, yale macho makubwa meusi na vile vidole vya kibinadamu. Ila hawa walikuwa na ngozi iliyotanda kati ya mkono na mguu, na wakiruka waliifungua wakaelea kutoka juu ya pazia hadi begani kwako. Jike alikuwa na mfuko tumboni kama kangaruu. Dume alikuwa na kipara katikati ya kichwa, na kwenye kile kipara ndiko ilikotoka harufu yake. Jamani, harufu! Nyumba nzima ilijua kuna mwanamume.

Lazima nieleze mama yangu alikuwa anafanya nini Minnesota. Nilikuwa na mimba, na mama alikata tiketi aje kuniuguza uzazi. Kwetu Uchagani hiyo ni kazi ya mama mkwe, ila wangu alikuwa ameshafariki. Mtoto akaja kabla ya wakati wake, wa kiume, na hakulia. Mama alishuka kwenye ndege tumeshamzika. Nilidhani angekaa wiki chache tulie pamoja, kisha arudi kwake. Wapi! Siku ileile aliyofika alifungua sanduku, akatoa kanga za kunifunga tumbo, akaweka maji ya kunikanda jikoni.

"Mama, mtoto hayupo," nikamwambia.

"Umezaa," akasema. "Mwili wako haujui kama mtoto hayupo."

Akanilea uzazi wote, hatua kwa hatua. Mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori jioni, ndizi mbichi akizisaka mwenyewe madukani na Kiingereza chake cha kuonyesha kwa kidole. Sikuruhusiwa kugusa maji baridi wala kuinua kitu. Nilikuwa nalia ndani ya bakuli la mtori, naye ananiambia kunywa, kunywa mwanangu. Mpaka leo nasema yule mama aliniokoa.

Lakini nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, na mama alilala humo pamoja nami. Na mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hilo kwetu halijadiliwi. Isitoshe mzazi hakai na mumewe. Kwa hiyo mume wangu akahamia kwenye kochi la sebuleni, na nguo zake zikabaki kwenye kabati letu. Kila asubuhi alibisha, akarudi nyuma, nami nikampitishia shati na soksi kwenye upenyo wa mlango. Akikutana na mama koridoni alitazama sakafu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi, mazungumzo yameisha.

Mwanzoni nilishukuru kuachwa peke yangu na mama. Baadaye nikaona kinachotokea: tumekuwa watu wa kupeana soksi. Hatukugombana, na ningefurahi tungegombana, maana kugombana nakuweza. Alianza kuomba ovataimu hata Jumapili. Kisha akaanza habari za Texas. Ana binamu kule, kazi zipo tele, yeye angetangulia kwa muda, halafu mimi nitafuata. Nawajua wanaume waliotangulia kwa muda. Nilikuwa nimeshazika mtoto, na sasa niliona wazi kwamba naachwa na mume, taratibu, kwa adabu zote. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu.

Na mtu huyo wa kwenda Texas ndiye aliyejiletea komba. Eti awalee nani?

Akawatunza, lakini, si mchezo. Tundu aliliweka karibu na radieta, akalifunika blanketi upande wa dirishani. Akirudi kazini, giza la saa kumi na moja jioni limeshaingia, walikuwa wanaamka, naye anawakatia tofaa, yai la kuchemsha, vipande vya kuku, asali kidogo. Alinunua hata funza hai dukani. Mama alipoona funza alicheka mpaka akakaa chini. Dume akipewa asali aliramba kijiko, akaramba vidole, akatafuta mkono mzima. "Ndiyo maana watu wanasema kalewa kama komba," mama akasema.

Yule bwana wa Apple Valley alikuwa amemfundisha kwamba wanyama hawa hawamzoei mtu kwa macho, wanamzoea kwa harufu na joto. Kwa hiyo alishona kimfuko cha flaneli, akakivaa shingoni chini ya sweta, wote wawili ndani, akakaa nao kwenye kochi saa nzima. Nilikuwa nachungulia. Siku moja nikasikia anawasemesha, na kwa Kichaga. Anawaambia theluji itaisha, wavumilie. Mimi alikuwa hajanipa sentensi nzima tangu tutoke makaburini.

Jike akaanza kuvimba mfuko. Mwezi wa kwanza ukaingia, miezi mitatu ya uzazi wangu ikaisha, mama hakutaja kurudi kwake nami sikuuliza. Jioni moja mume wangu akaita kutoka sebuleni, "Njoo uone!" Kulikuwa na kamkia kanachungulia nje ya mfuko. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilimwonea wivu yule mnyama, wivu mchungu kabisa. Ana haki gani? Nikasema vizuri, vizuri, nikarudi chumbani nikauma mto.

Baada ya wiki chache watoto walitoka. Wawili, hawana manyoya ya maana, macho yamefumba, wanamng'ang'ania mama yao. Na hapo mama yangu alisimama sebuleni, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Huyu sasa ni mzazi," akasema. "Ahamishiwe chumbani kwetu, kuna joto na utulivu. Dume abaki huku. Mwanamume hakai na mzazi."

Mume wangu akatazama sakafu. "Mama, yule bwana alisema wasitenganishwe kamwe."

"Yule bwana amezaa wangapi?"

Nikacheka. Ilinitoka tu, kicheko cha kwanza tangu msiba. Mume wangu akanitazama, si kwa hasira, kama mtu aliyechoka. Akamtoa dume, akamweka kwenye kitundu kidogo cha kusafiria, akalala naye kule kule sebuleni.

Dume akaanza kuita. Wanabweka wale, usione udogo wao, kama kitoto cha mbwa. Anabweka sebuleni, jike anajibu chumbani. Mama akasema atazoea, wote huzoea. Jike hakula. Mama alimchanganyia yai na asali, akamletea hata kijiko cha mtori, akamwimbia. Jike alikwenda kwenye waya wa upande wa mlango, akaushika kwa vidole vyote, akabaki pale.

Asubuhi niliamshwa na ukimya. Nikawasha taa. Watoto wote wawili walikuwa nje ya kifuko chao cha kulalia, kwenye sakafu ya tundu, wamelala huku na huku. Nikamgusa mmoja. Alikuwa baridi kama kijiko.

Nilipiga ukelele. Hospitali sikupiga ukelele, nilikuwa na adabu pale, nilimwambia nesi asante. Ule wa hospitali ndio uliotoka asubuhi ile.

Mlango ukafunguka. Hakubisha. Mama alikuwa kitandani na gauni la kulalia, akavuta kanga akajifunika hadi kichwani. Mume wangu hakumwamkia. Alipita mbele ya kitanda cha mama mkwe wake kana kwamba chumba hakina mtu, akafungua tundu, akawaokota watoto mmoja mmoja kwa ncha za vidole, akawaingiza ndani ya fulana yake, kifuani, akaketi chini akiwa ameviringa mikono juu yao.

"Niletee baba yao," akaniambia.

Nikakimbia. Dume nilimshika kwa mikono mitupu, mimi niliyekuwa sijawahi kumgusa, na hakuning'ata. Nilipomwingiza kwenye kile kifuko jike aliteremka kwenye waya, wakanusana usoni, harakaharaka. Tukasubiri. Mume wangu alipuliza pumzi ndani ya ukosi wa fulana. Mtoto mmoja akajipinda kidogo. Mwingine alichelewa, alichelewa sana, nikawa namsemesha Mungu kwa ukali ambao sikuwahi kuthubutu. Kisha kikatoka kilio chembamba, cha kukereketa, na mume wangu akafumba macho.

Akawaweka kifukoni. Dume akajikunja juu yao wote wawili, akawafunika kwa tumbo na ile ngozi yake. Alijua la kufanya. Jike akamtazama, akaenda kwenye bakuli, akala yai lote.

"Kumbe," mama akasema kutoka ndani ya kanga.

 Akashuka kitandani, akachukua mto wake na blanketi lake. Alipofika mlangoni akasimama, mgongo ametugeuzia, maana adabu ni adabu. "Baba," akamwambia mume wangu, "mimi usingizi wangu ni mwepesi, kochi linanitosha." Akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Tukasikia sufuria jikoni.

Tukabaki tumekaa sakafuni, migongo kwenye kitanda. Nilitaka kusema asante. Nilitaka kusema usiende Texas. Yeye alikuwa bado ameweka mkono kifuani mahali walipokuwa wale watoto.

"Mimi sikumshika," akasema.

Nilijua anamsema nani. "Hukutaka."

"Nani alisema sikutaka? Mlikuwa mmejaa pale. Wewe, manesi, wamama wa kanisani. Wamekizunguka kitanda, wanaomba. Mimi nikasimama koridoni, kwenye mashine ya soda. Nikasema wakitoka wanawake nitaingia. Walipotoka, alikuwa ameshachukuliwa."

Muda wote ule nilikuwa najua kwamba hakutaka. Nilikuwa nimemhukumu na kumfunga, na yeye yuko koridoni anasubiri zamu yake, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, mwanamume husubiri nje mpaka aitwe. Hakuna aliyemwita. Nilisikia haya, na chini ya haya nikasikia nampenda.

"Alikuwa na masikio yako," nikamwambia. "Haya ya kujitokeza. Vidole virefu. Nywele nyingi, zimelala upande mmoja, kama amechanwa."

Akaitikia kwa kichwa, endelea.

"Halafu alikuwa mzito. Ukimwangalia ni mdogo, lakini ukimpakata, mzito."

"Mzito kiasi gani?"

 Akageuka, akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu, kama mtu anayepokea. Nikaweka mikono yangu juu ya mikono yake na kukandamiza, kidogo, kisha zaidi, nikitafuta, mpaka nikafika penyewe.

"Hapa," nikasema. "Hivi."

Akaishikilia.