Chupa Aliyoipiga Mjapani

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha mbele. Ya pili ilimpata dereva wetu shingoni.

Ilikuwa mchana kweupe. Tulikuwa tunatoka kambi za wakimbizi za Kibondo kurudi Kasulu, na majambazi walikuwa wamelaza gogo barabarani, pale msitu unapobana njia. Dereva alijaribu kurudi nyuma, gari likaingia mtaroni. Walimburuta nje kwa miguu huku damu ikimtoka, kiatu kimoja kikamvuka kikabaki katikati ya barabara.

Tulikuwa watatu tu garini. Mimi nilikuwa mtumishi wa maabara, nimeletwa kikazi kutoka Tanga. Wa tatu alikuwa Mjapani, mwanasayansi wa makamo, aliyekuja kuchunguza kipindupindu kwenye visima vya kambini, maana miaka ile ya tisini watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kila wiki na kipindupindu kikiwafuata. Alikuwa pia mshairi. Kwao wana mashairi mafupi mno, mistari mitatu tu, silabi tano, saba, tano. Njiani alikuwa akihesabu silabi kwa vidole, na dereva, Muha wa Kagerankanda, akimcheka: "Mzee, shairi gani linaisha kabla ya kona?"

"Laleni chini! Dola ziko wapi?" majambazi walifoka.

Tulilala. Mmoja alinikanyaga mgongoni. Mwingine alifungua kasha la barafu tulimohifadhi sampuli za maji ya visima, akatoa chupa. Maji yalikuwa meupe, ya baridi, na jua lilikuwa kali. Akafungua kizibo.

Mjapani aliruka. Sikuwahi kumwona akienda haraka vile. Akaipiga ile chupa ikapasukia kwenye gogo, akapiga kelele, "Hapana! Ugonjwa! Utakufa!"

Walimpiga kwa kitako cha bunduki. Miwani ilivunjika usoni mwake. Alipoinua mkono kujikinga walimpiga mkono, nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu. Waliendelea hata alipokuwa hasogei tena. Kisha wakachukua redio na mablanketi, wakavunja chupa zilizobaki, wakaingia porini.

Dereva alikata roho nimemshika. Nilimgeukia Mjapani kwa hasira ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

"Kwa nini hukumwacha anywe? Wamemuua mwenzetu!"

Alitema damu kwanza.

"Dada, angekunywa. Halafu angerudi kwao. Kwao kuna watoto."

"Na huyu hana watoto?"

Aliufunika uso kwa mkono wake mzima. Alikuwa analia.

Lori la chakula lilituokota pamoja na maiti. Kule hospitali ya Kabanga walimfunga Mjapani mkono plasta, wakamwambia apumzike. Alikataa, alitaka kwenda mazikoni. Msibani alikaa chini na wanaume, uso umevimba, jicho moja halifunguki. Mama wa marehemu alipoambiwa kwamba mgeni anataka kusema neno, alikubali kwa kichwa. Mjapani akasimama, akasema kwa Kiswahili chake kizito:

*Vumbi latua.*
*Kiatu cha dereva*
*kingali moto.*

Watu walisubiri aendelee. Mimi nilijua ameshamaliza. Mama akamwomba arudie, akarudia. Kisha yule mama akauliza, bila kupaza sauti, "Na hicho kiatu kiko wapi? Mwanangu nimemzika na kimoja."

Hakuna aliyekikumbuka tulipopakiwa kwenye lori.

Kesho yake tulirudi pale barabarani na polisi. Gogo lilikuwa limesukumwa pembeni, na doa la damu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mjapani alitambaa kwenye majani ya mtaroni akipapasa kwa mkono wake mzima, akijikata kwa vigae vya chupa zetu wenyewe, mpaka askari akamwambia, "Mzee, inatosha." Hatukukipata.

Tulipita msibani kumwambia mama. "Basi yupo anayekivaa," akasema, akaingia ndani.

Majambazi hawakukamatwa. Mjapani alimaliza mkataba wake akitazama hadubini na kuandika kwa mkono wa kushoto, na visima viwili alivyovitilia shaka vilifungwa. Katika miezi yote iliyobaki sikumsikia akihesabu silabi tena. Siku ya kuondoka alinipa mkono wa kulia, ambao haukunyooka vizuri, nami nikaushika polepole nisimuumize.