Hita Niliyoifunga Mlimani

Mnicheke, lakini kidogo. Nilikuwa nimerudi Kyela baada ya miaka kumi ya kutangatanga kwenye migodi ya kusini, nikamwambia Mzee Salehe, mwenye duka pale Mbugani, kwamba huko nilikuwa dereva. Alikuwa amenunua gari la Mzungu mmoja aliyerudi kwao.

"Nipeleke Tukuyu," akasema. "Tukifika salama, kazi ni yako."

Nyuma alikaa Ambakisye, aliyekuwa mpishi wa yule Mzungu.

Tulipoanza kupanda mlima, baridi iliingia. Mzee alikuwa na mafua, akafungua hita, tukapata joto zuri. Mara nikaona mshale wa joto la injini unapanda. Nikawaza: injini inachemka, na sisi tunaiongezea moto! Nikaifunga hita kwa madaha ya fundi.

"Vumilia, mzee. Tunaipoza injini."

Mzee akajikunyata ndani ya koti. Mshale ukazidi kupanda. Nikamwomba azime na sigara yake. Akazima, maskini. Mshale ukagusa wekundu.

"Gwe dereva!" Ambakisye akapaza sauti. "Fungua hita yote! Bwana wangu aliifungua kwenye mlima huu hata jua likiwaka. Hita inayapunguzia joto maji ya injini, inatuletea sisi humu ndani."

Nikafungua. Jasho likatutoka, na mshale ukashuka polepole.

Mzee Salehe akanigeukia. "Hebu niambie, huko migodini uliendesha magari miaka mingapi?"

"Kuendesha, mzee?" nikajibu. "Mimi nilikuwa nayaosha."