Vyuma Vinavyomngoja Jéthro

Hapa Butembo mtu akijenga nyumba ya zege, haimalizi. Juu ya paa huacha vyuma vimesimama wima, vikingoja ghorofa ambayo mwanawe ataipandisha akishapata. Ukiwa kilimani utaviona mji mzima, na mimi nilizoea kusema kwamba sisi ni watu wa kujenga nusu na kujivunia nusu nyingine. Kwa jirani yangu Kavugho, mjane anayeuza maharage sokoni, siwezi tena kutania hivyo.

Vyuma vyake viliachwa na marehemu mumewe kwa ajili ya Jéthro, mtoto wao wa pekee. Jéthro alikwenda Eringeti kununua kakao. Gari alilopanda lilikutwa limeungua njiani, mbele ya Beni, na mwili wake haukuonekana. Bila mwili hakukuwa na matanga. Majirani tuliacha kumwita Kavugho Mama Jéthro, tukidhani tunamhurumia.

Yeye hakuacha chochote. Kila Jumamosi alifua mashati ya Jéthro, akapanda juu ya paa, akayaanika kwenye vile vyuma yakiwa bado yanachuruzika. Upepo ukivuma kutoka milimani, vyuma hulia kwa sauti nyembamba na mikono ya mashati huinuka. Nimepika jikoni mwangu nikiyatazama, na sikuwahi kuyazoea. Mara nyingine nilifunga dirisha, moshi ukanijaa machoni. Afadhali hivyo kuliko kupungiwa mkono na mtu asiyekuwepo.

Chini ya paa hilo, katika chumba cha Virginie, mke wa Jéthro, dari ilianza kutoa michirizi ya rangi ya kutu. Virginie aliifuta, ikarudi palepale. Asubuhi moja, watoto wakiwa shuleni, kipande cha zege kikaanguka juu ya mto wanaolalia. Virginie alifunga mizigo. Alisema kama nyumba haitengenezwi, atawapeleka watoto kwao Kayna, kwa sababu hawezi kuwalaza tena chini ya yule mtu. Sisi hatukumwuliza ni mtu gani.

Basi akaitwa Vagheni, fundi mwashi. Aliigonga dari kwa nyundo, akisikiliza panapolia tupu, kisha akapanda juu, nasi nyuma yake. Akayakuta mashati.

"Mama Jéthro," alisema, na mimi nilishtuka kulisikia jina hilo, "mvua inashuka tu na hii fer, hii chuma, inaingia ndani. Fer inapata kutu, inavimba, inasukuma béton, hii zege. Na weye unaiongezea maji ya mashati."

Kavugho alikaa chini. "Kumbe ni miye njo ninavunjia batoto nyumba?"

"Kosa mukubwa njo ya mvua. Lakini shati nayo inasaidia."

"Basi tubomoe yote, tumwage ingine?"

"Hapana. Béton ingine yote iko nguvu bado. Kuitupa ni kutupa jasho ya bwana yako, na ciment, na muchanga ya muto. Tutatoa tu penye pameoza, tusugue fer, tujaze. Nyumba itaona batoto ya bajukuu. Lakini hizi za juu, tuzikate."

"Hapana kata!" Alikishika chuma kimoja kwa mikono miwili, kutu ikamjaa viganjani. "Akirudia, atapandisha étage juu ya nini?"

Vagheni alikuna kichwa. Alikuwa na kazi nyingine za kufanya siku ile, lakini hakuondoka.

"Basi tuzifunike," alisema mwishowe. "Tunasugua, tunapakaa ciment, tunazungushia mbao, tunamwaga béton yenye haina nguvu sana. Maji haitaingia. Siku akikuya, atavunja na nyundo, atakuta fer yake muzima."

Wiki iliyofuata mbao zilikuwa zimesimama kuzunguka kila chuma, ndogo, nyembamba, na mimi nilijua zinafanana na nini. Kavugho alitaka shati moja liingie humo. Vagheni akakataa: nguo hunywa maji, chuma kingeoza upya. Kavugho akalikunja, akamkabidhi Virginie, naye Virginie akalivaa palepale juu ya nguo zake.

Kisha Kavugho akachota zege kwa mkono mtupu, akalitupia kwenye mbao za kwanza, kama tunavyotupa udongo kaburini. Hapo ndipo tulipolia, kilio ambacho nyumba ile ilikuwa ikikidai tangu gari lilipoungua. Nililia kwa sauti, mimi mwenye mdomo mrefu, na sikuona aibu. Vagheni alisimama na mwiko wake, akatungoja.

Tulipojifuta nyuso, aliinama kuongeza saruji kwenye mchanganyiko. Kavugho akamshika mkono.

"Ciment usiweke mingi," alisema. "Atakuya amechoka."