Jiwe la Chini ya Mtungi

Aibu hii nimeimeza miaka mingi, lakini kwa kuwa walioiona bado wanaisimulia vibaya kila wakikutana harusini, bora niwape mwenyewe iliyo sahihi: siku ya posa ya binti yangu Salma nilianguka chali mbele ya wakwe, kwenye sakafu niliyoipanga kwa mikono hii hii na kuisifia kwa mdomo huu huu.

Shule niliishia darasa la pili, sikatai, lakini nyumba yangu ya Bigwa nimeijenga kwa kabichi nilizoanza kuzishusha mlimani kichwani, na miaka ile biashara ilipofunguliwa na saruji ikauzwa dukani bila kibali cha mtu, nikasema basi, ua huu nautandika mawe. Wala hayakuwa maringo (sawa, yalikuwemo kidogo). Mama Salma alikuwa ameugua, mguu wa kushoto ukabaki anauburuza, na ua wetu ulikuwa mashimo na mizizi, akitoka lazima ashikwe. Akaniambia wazi, "Baba Salma, siku ya wageni nitakaa chumbani. Kubebwa mbele ya wakwe kama gunia la kabichi, sitaki."

Nikaagiza mawe bapa kutoka mlimani. Mawe ya Mungu hayana kipimo, hili nene kama tofali, lile jembamba kama chapati, kwa hiyo unaanza na manene, unayachimbia, halafu membamba unayanyanyua kwa mota, saruji iliyokorogwa na mchanga, mpaka migongo yote ilingane na kamba, unagonga kwa nyundo ya mbao, unaweka pima maji, unang'oa, unaongeza, unagonga tena. Yote yakatulia isipokuwa la mwisho, la pembeni karibu na jiko. Nikiligonga huku, linainuka kule. Saruji imeisha, kiuno kimekufa, na kwenda kumwomba jirani ndoo moja ya saruji, mimi? Nikalishindilia mchanga mkavu, nikaliwekea mtungi wa maji juu. Nani atapanda mtungi?

Kesho yake akaja shemeji yangu, kaka yake Mama Salma (kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno kwenye posa, baba unakaa pembeni hata kama nyumba ni yako). Akausukuma mtungi kwa kidole.

"Shemeji, hili linacheza."

"Wewe njoo ule," nikamjibu.

Siku yenyewe wageni wamejaa, mjomba yuko kiti cha mbele, anaulizwa yeye, anajibu yeye, mimi nimekaa kama mgonjwa anayesubiri kuitwa, mara mshenga wa upande wa kijana akasema sakafu nzuri. Weee! Nikasimama. Nikaeleza manene, nikaeleza membamba, nikasema hapa hata ukiweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni hakimwagiki, na huku narudi kinyumenyume ili waione vizuri, sijui kwamba wanawake walishauchukua mtungi kwenda kupikia.

Jiwe likanirusha. Nikamdaka aliyekuwa karibu, naye ni yule yule mshenga, mzee wa watu ameshika sahani ya pilau, tukaenda chini wote wawili, kanzu yangu imepanda magotini, wali umejaa ndevuni.

Mjomba akakohoa. "Chai imemwagika, shemeji."

Nikasikia kicheko dirishani kwa Mama Salma, ambaye bado hakuwa ametoka chumbani. Moyo ukaanguka kuliko mwili, maana nilijua basi, ameona, sakafu hii hataikanyaga tena.

Mara yuko mlangoni. Peke yake, na fimbo. Anagonga jiwe, anakanyaga, anagonga lingine, anakanyaga, ua mzima unamtazama, bado anacheka na machozi yanamtoka, mpaka akafika pale nilipolala.

"Utusamehe, baba," akamwambia mshenga. "Bovu ni hilo moja tu. Mengine yote amenipangia mimi." Kisha akaninyooshea mkono. "Na wewe amka, wakwe wanakuangalia."

Nikaushika (niliinuka kwa nguvu zangu, lakini mkono niliushika). Wakwe vijana wakamwamkia shikamoo akiwa wima.

Nimeapa sitafunika tena jiwe linalocheza, liwe kwangu au kwa mtu. Asubuhi yake nililing'oa, nikalilaza kwenye mota mbichi. Ilipokauka, Mama Salma akaja na fimbo yake kulikagua.

"Limekaa?"

"Limekaa."

"Panda."

Nikapanda.

"Sasa rudi kinyumenyume kama juzi, tena anza na ile hotuba."